Simu Ikichemka Mama Ngina, Pesa Yako Iko Wapi?

Jumapili alasiri, mwezi wa tatu. Umekaa kwenye ukuta pale Mama Ngina, meli ya makontena inapita taratibu kuelekea Kilindini, watoto wameshamaliza mihogo ya pilipili na ndimu na sasa wanadai madafu. Unatoa simu ulipe. Simu yenyewe imekuwa juani tangu saa nane. Umepiga picha, umerekodi feri ikivuka kwenda Likoni, umempigia shangazi wa Nairobi kwa video ili naye aone bahari. Unaingiza nambari ya till, unaweka kiasi, unaweka PIN, unabonyeza tuma. Kioo kinafifia. Kinatokea kile kimchoro cha kipimajoto, kisha giza.

"Mamangu, kwangu bado haijaingia," anasema muuza madafu, kwa upole, maana ameshayazoea haya.

Sasa unafanya nini? Wengi wetu tunaazima simu ya dada aliyekaa kando, tunalipa tena, tunaondoka. Saa moja baadaye, uko nyumbani, simu ya kwanza imepoa na imewaka, na meseji inaingia: malipo yako yamekamilika. Yaani umenunua madafu mara mbili na umeyanywa mara moja.

Miezi ya kaskazi tunapokea sana malalamiko ya namna hii, na swali huwa ni lile lile: pesa yangu imeingia wapi? Tuanze na jibu, halafu tueleze kinachotokea ndani ya simu, kwa sababu ukishakielewa hutababaika tena.

Jibu ni kwamba pesa yako haikai kwenye simu. Haikuwahi kukaa. Simu ni mlango tu wa kupigia hodi, na salio lako liko kwenye daftari letu, ndani ya kompyuta zilizo mbali sana na huo ukuta. Simu ikizima kabla ombi lako halijatufikia, hakuna kilichotoka. Ikizima baada ya ombi kufika, kazi imefanyika hata kama hukuona chochote kwenye kioo. Hakuna hali ya katikati ambapo pesa imeondoka kwako na inaelea hewani: mfumo unaandika kutoa na kuingiza kwa pamoja, na kimoja kikishindikana vyote viwili vinafutwa. Kinachokosekana ni habari tu. Meseji ya kuthibitisha inabaki ikisubiri kwenye mtandao mpaka simu yako iwake.

Ndiyo maana kosa la bei ghali pale si simu kuzima. Ni kulipa mara ya pili kabla ya kujua ya kwanza iliishia wapi.

Joto linatoka wapi

Ndani ya simu kuna kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake kuna mabilioni ya transista. Kila transista ni swichi. Inawashwa na kuzimwa mamilioni kwa mamilioni ya mara kila sekunde, na kila inapobadilika inatumia umeme kidogo, na umeme huo wote mwisho wake ni joto. Hauna pengine pa kwenda.

Wahandisi wana hesabu moja wanayoitegemea sana hapa. Joto la hizo swichi linakua pamoja na kasi ya kuwasha na kuzima, lakini kwa voltiji linakua kwa mraba. Maana yake ni kwamba ukipunguza kasi iwe nusu, joto hilo linakuwa nusu. Ukipunguza voltiji iwe nusu, linashuka mpaka robo. Ukivipunguza vyote viwili kwa pamoja, unabaki na sehemu moja ya nane. Simu yako inaijua hesabu hiyo na inaitumia mchana kutwa, bila kukuuliza.

Kompyuta ya mezani ina feni ya kupuliza joto nje. Simu haina. Inabidi joto lipite kwenye mwili wake, lifike kwenye mgongo na kioo, liingie hewani. Na hapa ndipo Mombasa inapoleta taabu. Joto halitoki lenyewe isipokuwa kuelekea mahali penye baridi zaidi, na hewa ya Machi hapa kwetu inafika nyuzi 32, 33. Apple wanaandika kwamba simu zao zitumike pale hewa ilipo kati ya nyuzi 0 na 35, kwa hivyo unaona tunavyotembea ukingoni hata kivulini. Ukiiweka kwenye jua kamili, kioo cheusi juu, inavuka mpaka huo muda si mrefu, bado hujaanza hata kurekodi video.

Mtungi, sufuria ya pilau, na bomba la shaba

Watu wa pwani walishughulika na joto kabla ya kompyuta kuwako. Nenda Mji wa Kale mchana wa jua kali, ingia kwenye vichochoro, utahisi mwenyewe: nyumba zimesogeleana zikatupa kivuli njiani, kuta za mawe ya matumbawe ni nene, joto linachelewa kupenya. Na kwenye pembe ya nyumba ya bibi kuna mtungi wa udongo. Maji yanavuja kidogo kidogo mpaka nje ya udongo, yanageuka mvuke, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Yaliyobaki ndani yanapoa.

Kanuni hiyo hiyo iko ndani ya kompyuta nyingi za mkononi na simu za bei ya juu. Mwaka 1944 mhandisi wa General Motors nchini Marekani, Richard Gaugler, alipata hataza ya kifaa cha kupoza kwa njia hii, lakini wazo likalala. Mwaka 1963 George Grover, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Los Alamos, akalijia wazo hilo kivyake na akaonyesha kwamba linafanya kazi. Alikuwa akifikiria vyombo vya angani, si simu ya kulipia madafu.

Kuelewa kifaa chake, fikiria sufuria ya pilau iliyofunikwa. Chini kuna moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unapanda, unagusa kifuniko kilicho na baridi kidogo, unakuwa matone, matone yanarudi chini. Mvuke umebeba joto kutoka chini mpaka juu bila mtu kulisukuma. Sasa chukua bomba la shaba, toa hewa yote ndani, tia maji kidogo, liziba pande zote, na ndani ya ukuta wake weka utambi kama wa koroboi ili maji yaweze kurudi hata bomba likilala. Ncha moja iguse silikoni inayochemka, ncha nyingine iende kwenye baridi. Basi. Hakuna mota, hakuna kelele, hakuna cha kuharibika kirahisi. Kwenye simu bomba hilo limebanwa likawa bapa, jembamba kama kadi.

Simu nyingi tunazobeba huku hazina hata hilo. Zina karatasi nyembamba ya grafaiti, jamaa wa ile nyeusi iliyo ndani ya penseli, inayotandaza joto lisikae mahali pamoja. Inasaidia, lakini haifanyi miujiza. Tunalisema hili kwa sababu kuna mtu anaiona simu yake ya elfu kumi na mbili ikizima pale ufukweni na kudhani kauziwa mbovu, kumbe ni nzima kabisa. Imeishiwa tu na njia ya kutolea joto.

Simu inapoamua kupunguza mwendo

Njia bora ya kupoza ni kutotengeneza joto tangu mwanzo, na hapa kuna kisa tunachokipenda.

Mwaka 1985, mjini Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo iitwayo Acorn ilipokea chipu yake ya kwanza ya muundo uliokuja kuitwa ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Walitaka iweze kufungwa ndani ya plastiki ya bei nafuu badala ya kauri ya bei ghali, na plastiki haivumilii joto, kwa hivyo chipu yote ilibidi ikae chini ya wati moja. Walipoijaribu ikafanya kazi. Furber alipokwenda kupima umeme inaotumia, kipimo kikasoma sifuri. Kuangalia vizuri, waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaendeshwa na umeme kidogo uliovuja kutoka kwenye nyaya za mawasiliano za vifaa vilivyoizunguka.

Karibu kila simu unayoiona leo, iwe ya laki moja au mulika mwizi, ina chipu ya ukoo huo. Kubania plastiki ndiko kulikotupa simu isiyohitaji feni.

Kutoka hapo ubunifu mwingi umekuwa wa kudhibiti umeme. Mwaka 2011 ARM walitangaza mpangilio wa kuweka viini vikubwa na vidogo ndani ya chipu moja: vikubwa vinaamka kwa video na michezo, vidogo vinashika kazi za kawaida kama kusoma meseji. Na muda wote kuna vipimajoto vidogo ndani vinavyotazama. Joto likianza kupanda, simu inashusha voltiji na kasi. Ndipo unaona programu imeanza kukwamakwama. Likizidi, kioo kinapunguzwa mwanga, kamera inakataa, chaji inasimamishwa. Likizidi tena, simu inajizima. Haijafa. Inaikinga betri, maana betri ya lithiamu ikichemshwa mara kwa mara inazeeka kabla ya wakati wake, na ikichemshwa kupita kiasi ni hatari.

Sasa kuna mazimio ya aina nyingine, ambayo wengi wanayachanganya na joto. Simu iko asilimia 20, haina moto wowote, unabonyeza tuma, inazima ghafla. Hapo tatizo ni uzee wa betri. Betri ikichakaa, ukinzani wake wa ndani unaongezeka. Simu ikidai umeme mwingi kwa mpigo mmoja, voltiji inadidimia kwa muda mfupi, na ikishuka chini ya kiwango simu inadhani betri imekwisha. Asilimia unayoiona kwenye kioo ilikuwa makadirio tu. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri kuukuu ili kuepuka mazimio haya haya, bila kuwa wamewaeleza wateja waziwazi. Watu walikasirika, na bei ya kubadilishiwa betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29. Kihandisi walikuwa sawa. Kosa, kwa maoni yetu, lilikuwa ni kunyamaza.

Na ni kitu gani kinachodai umeme kwa mpigo? Kimojawapo ni redio, hasa mtandao ukiwa hafifu. Kwenye 2G redio ya simu hurusha mawimbi kwa milipuko mifupi, na simu ikiwa mbali na mlingoti kila mlipuko unaweza kufika wati 2. Ikiwa karibu, inanong'ona tu. Kwa hivyo zile kuta nene za Mji wa Kale zinazokupa ubaridi ndizo pia zinazoifanya simu ipige kelele ili isikike nje. Ukiwa ndani kabisa na betri yako ni ya zamani, sogea barazani kabla ya kutuma pesa. Hatua tatu tu zinatosha.

Neno moja kuhusu chaja. Zamani chaja ilikuwa zito kama tofali kwa sababu ya transfoma kubwa ndani yake. Zilizochukua nafasi yake zinakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme uliokatwa hivyo unatosheka na transfoma ndogo sana. Mbinu hiyo ilikuwepo tayari, na ilitumika kwenye kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977, ambayo Rod Holt aliitengenezea kifaa cha umeme cha namna hii kwa sababu Steve Jobs hakutaka kusikia mlio wa feni. Chaja ya bei ya kutupa inafuata kanuni hiyo hiyo lakini imepunguziwa vipuri vya usalama. Ikikuunguza mkono, iache.

Upande wetu

Tumesema pesa yako iko kwenye kompyuta zilizo mbali. Nazo zinachemka. Seva haina mgongo wa kutolea joto wala mtu wa kuipeleka kivulini, inafanya kazi usiku na mchana, na haina ruhusa ya kujizima.

Ndani ya kituo cha data, makabati ya seva yamepangwa kwa mistari yakitazamana, ili hewa baridi iingie kwa mbele kwenye njia moja na hewa ya moto itoke kwa nyuma kwenye njia nyingine, zisichanganyike. Hewa inayoingia inalengwa kuwa kati ya nyuzi 18 na 27. Nairobi, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ya nje yenyewe inasaidia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mombasa haina bahati hiyo. Hewa ni ya moto, ina unyevu, na ina chumvi inayokula shaba na chuma. Hata ujanja wa mtungi unapungua nguvu hapa, kwa sababu hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke zaidi kwa urahisi. Lakini Mombasa ndipo nyaya za intaneti zinapotoka baharini: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010. TEAMS inakwenda mpaka Fujairah, kule Emirati. Kwa hivyo vituo vya data vimejengwa hapa pia, na vinalipa gharama ya kupoza.

Watu wanasahau kwamba zamani daftari halikuwa hata nchini. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Yaani kabla ya hapo mtu wa Likoni akimtumia pesa jirani yake wa ng'ambo ya kivuko, ombi lake lilisafiri kwanza mpaka Ulaya na kurudi.

Halafu kuna stima. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na hata sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa sababu jenereta lilikataa kuwaka. Usiku kama ule kituo cha data kinategemea vitu viwili. Cha kwanza ni betri kubwa zinazoshika mzigo mara tu stima inapokatika, kabla seva haijahisi chochote. Kazi yake si kukesha, ni kutoa dakika chache za kuwasha cha pili, jenereta. Na jenereta ambalo halijajaribiwa ni pambo tu. Linatakiwa kuwashwa mara kwa mara na kubebeshwa mzigo halisi hata siku ambazo stima haina shida. Milingoti ya simu nayo ina betri zake, lakini zina kikomo, ndiyo maana stima ikipotea kwa muda mrefu mtandao wa mtaani unaweza kufifia hata kama sisi tuko macho.

Basi ukiwa pale ukutani

Simu imezima kwa joto. Itoe juani, itoe kwenye kava, iweke kivulini penye upepo, na pale Mama Ngina upepo na mibuyu vipo. Usiichaji. Na tafadhali usiitumbukize kwenye boksi la barafu la muuza madafu. Tumeshaletewa simu iliyofanyiwa hivyo: ilitolewa barafuni ikakutana na hewa yetu ya unyevu, maji yakaganda kwa matone ndani yake, na kilichokuwa tatizo la dakika kumi kikawa cha fundi.

Wakati inapoa, mwombe muuzaji aangalie simu yake, si kwa meseji peke yake bali kwenye taarifa ya till, kwa sababu meseji yake nayo inaweza kuchelewa. Ikionekana pale, umelipa. Isipoonekana, subiri simu yako iwake na uangalie taarifa yako ya malipo kabla ya kutuma tena. Ukiwa na haraka kweli, lipa taslimu, kisha muachie muuzaji nambari yako. Usiingize PIN yako kwenye simu ya mtu usiyemjua ili "kuangalia tu", hata akiwa mkarimu namna gani.

Na ukishalipa mara mbili? Tupigie siku hiyo hiyo, ukiwa na kodi za miamala yote miwili. Till ikiwa bado ina pesa hiyo, tunaweza kuizuia wakati tunazungumza na mwenye biashara. Akishaitoa, tunabaki kumtegemea yeye. Yule mama wa Jumapili alirudishiwa Jumatatu asubuhi, kwa sababu muuza madafu mwenyewe alikuwa ameshaona malipo mawili ya kiasi kimoja, moja baada ya jingine, na alikuwa akisubiri simu yetu.